Kifundo cha mkono wa KUSHOTO kinauma nikipiga bekihendi, eksrei haionyeshi kitu. Nifanyeje?

binti_wa_kinondoni

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kwa wanaocheza tenisi, badminton, skwoshi au hata hii padel iliyoingia juzi juzi, na kama kuna mtu wa fizio humu ndani ndo itakuwa vizuri zaidi.

Nacheza tenisi hapa Dar, nina miaka 26, natumia mkono wa kulia ila bekihendi (mpira unaokuja upande wangu wa kushoto) napiga kwa mikono miwili. Sasa tangu mwezi na kitu uliopita kifundo cha mkono wa kushoto kinaniuma, yaani sio huu wa kulia unaofanya kazi siku nzima, ni ule wa kushoto ambao unasaidia tu kwenye bekihendi. Maumivu yapo upande wa kidole kidogo, nyuma ya mkono, pale penye kile kifupa kinachochomoza. Yalianza taratibu kipindi kocha ananirushia kapu zima la mipira nipige bekihendi za topuspini, zile za kuuzungusha mpira kwenda mbele, alafu siku moja nikafuata mpira wa chini sana, nikaukunja mkono ili niunyanyue uvuke nyavu, nikasikia "tak" na maumivu makali hapo hapo, nikaacha raketi ikaanguka.

Nilienda hospitali wakapiga eksrei wakasema mifupa mizima, msuli tu umevutika, nikapewa diklofenaki na bandeji ya kuzungushia. Nikimeza dawa nacheza vizuri tu, ila kesho yake asubuhi siwezi kukamua nguo wala kuzungusha ufunguo mlangoni. Na kuna mashindano ya klabu mwezi ujao nimeshajiandikisha. Kuna anayeniambia niende kwa mzee mmoja anavuta mikono na kuirudisha, kuna anayesema nichomwe sindano moja yaishe. Nipo njia panda kabisa.

mzee_wa_slaisi

Pole sana binti yangu. Mi nimecheza tenisi toka ujana, vifundo vinauma ni kawaida ya mchezo. Chua na dawa ya kuchua usiku, funga bandeji ngumu, kabla ya mechi meza dawa yako. Ikigoma kabisa nenda kachome sindano ya steroidi, nina rafiki yangu alichoma upande wa kidole gumba na mpaka leo anapiga mpira. Usiache mashindano, ukikaa nje mwili unasahau.

fizio_wa_moshi

Shikamoo mzee wangu, kwa heshima zote naomba nipishane na wewe hapa, kwasababu rafiki yako aliumia upande wa kidole gumba na huyu dada kaumia upande wa kidole kidogo, hizo ni habari mbili tofauti kabisa na hata dawa zake haziendi pamoja.

Dada pole. Mi ni fizio, wachezaji wa raketi nawaona mara kwa mara, na kitu kinachoniumiza roho ni hili neno "msuli tu". Kwenye kifundo hakuna misuli mikubwa ya kuvutika, pale kuna vifupa 8 vidogo vimepangana mistari miwili, ligamenti zinavishika, na kano zinapita juu yake kwenda vidoleni. Eksrei inaonyesha mfupa. Kano haionyeshi, ligamenti haionyeshi, gegedu haionyeshi. Kwaiyo eksrei safi kwa mchezaji wa raketi inamaanisha mfupa mkubwa haujavunjika, basi, haimaanishi mkono ni mzima.

Na kwamba ni kushoto wala usishangae, ukipiga bekihendi ya mikono miwili mkono wa kushoto ndo uko juu kwenye mshikio na ndo unaosukuma kichwa cha raketi kipande juu kwa nyuma ya mpira, ni kama vile mtu wa kushoto anapiga fohendi, ule mpigo wa upande wa mkono wake mkuu. Mpira ukiwa chini ndo balaa, maana kifundo kinakunjwa, kinalazwa upande wa kidole kidogo na kiganja kinageuka kuangalia juu, vyote kwa mpigo mmoja. Huo mkao ndo hasa unaochana ala ya kano moja inaitwa ECU. Hii kano inatoka kwenye kiwiko, inapita nyuma ya mkono upande wa kidole kidogo, ndani ya kamfereji kadogo kwenye mfupa wa ulna (ule wa mkono wa upande wa kidole kidogo), na kuna ala inaifunika isiruke. Ala ikichanika kano inatoka kwenye mfereji wake na kurudi kila ukigeuza mkono, hiyo "tak" uliyosikia inanitia wasiwasi sana.

Kabla sijasema zaidi naomba unijibu haya. Ukiweka kiganja kiangalie juu kama unaomba dua, alafu ukalaza kifundo kwenda upande wa kidole kidogo huku mtu anakuzuia, unaona kitu kinaruka chini ya ngozi pale kwenye kifupa? Ukikaa kwenye kiti ukainuka kwa kujisukuma na mikono yote miwili kwenye kiti, inauma? Ukibonyeza kile kishimo laini kilichopo pembeni kabisa, kati ya ncha ya ule mfupa na kano ya upande wa kiganja, unaruka kwa maumivu? Na vidole viwili vya mwisho vinakufa ganzi au hapana?

skwoshi_nai

Niaje. Mimi ni wa Nairobi, nacheza skwoshi, nataka tu kuongezea hapo kwa eksrei juu hii story iliniangukia. Nilianguka nikijizuia na mkono kwa ukuta, nikaenda kupigwa eksrei the same day nikaambiwa ni sprein, rudi nyumbani. Nikaendelea kucheza na kufunga mkono. Maumivu ilikuwa kwa kile kishimo kinatokea ukiinua kidole gumba, pale kwa msingi wa kidole. Miezi ikapita ndio daktari mwingine akanituma CT skani, kumbe kile kifupa kinaitwa skafoidi kilikuwa kimepasuka kitambo na hakijaungana. Nikawekwa skrubu.

Huyo daktari wa pili alinieleza vizuri sana. Damu ya skafoidi inaingilia kwa upande wa mbali, upande wa vidole, halafu inarudi nyuma kuelekea mkono. Sasa kikipasuka katikati kile kipande cha nyuma kinabaki bila damu na kinaweza kufa. Na ufa wa siku ya kwanza mara nyingi hauonekani kwa eksrei, ndio maana ukiumwa hapo baada ya kuanguka unafaa kufungwa POP (ile plasta ngumu) ama splinti hata kama picha ni safi, kisha unarudia picha baada ya siku 10 hadi 14 ama unafanya MRI. Si kufunga bandeji na kuambiwa uende. Wewe dada yako ni upande ule mwingine, so pengine si hiyo, lakini mtu mwingine akisoma hii uzi ajue.

binti_wa_kinondoni

Asante sana fizio, na wewe kaka wa Nairobi pole sana kwa yaliyokukuta.

Nimejaribu na dada yangu hapa nyumbani. Kiganja kikiangalia juu nikilaza mkono, ndiyo kuna kitu kinaruka, dada kaweka kidole chake juu akasema anahisi kama kamba inateleza kwenye mfupa alafu inarudi, na mlio upo mdogo. Maumivu pale pale. Kujisukuma kwenye kiti inauma kidogo ila sio sana. Kile kishimo cha pembeni nikibonyeza kinauma lakini sio kama huku nyuma. Ganzi hakuna.

Swali, sasa hilo jina lako la ECU lina tofauti gani na hii TFCC ninayoona watu wanaandika mitandaoni? Maana nimesoma mpaka kichwa kinauma.

fizio_wa_moshi

Sawa dada, acha kurudia hicho kipimo, mara moja imetosha, kila ukiirusha hiyo kano unaiongezea msuguano.

Hizi ni jirani ndo maana zinachanganya. ECU ni kano, iko juu kwa nyuma. TFCC ni mkusanyiko wa gegedu na ligamenti ulioko ndani zaidi, kati ya ncha ya ulna na vifupa vya kifundo, ndo unaobeba uzito ukisukuma na ndo unaoshikilia mifupa miwili ya mkono isiachane ukigeuza kiganja. TFCC ikichanika kipimo cha kiti kinauma haswa, kile kishimo cha pembeni kinauma haswa, na unasikia kifundo hakina nguvu ukizungusha kitu. Tena sehemu ya katikati ya TFCC haina damu ya kutosha kwaiyo ikichanika hapo haijiungi yenyewe, sehemu ya pembeni ina damu na ina matumaini zaidi. Na zote mbili zinaweza kuumia kwa pamoja maana ala ya ECU imeshikana na TFCC, kwaiyo hicho kiumivu chako cha kishimoni nisingekidharau.

Kwa maelezo yako, kinachoonekana ni ECU inayoruka. Mi siwezi kukupima kwa maandishi, lakini usiende tena kwa daktari wa jumla kuomba eksrei nyingine. Nenda kwa daktari wa mifupa, akiwa wa mkono ndo bora zaidi, hapo Dar una MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili, na uombe altrasaundi ya kifundo huku mkono UNAGEUZWA. Hilo neno lisisitize. Ukilaza mkono mezani umetulia kano itakuwa imerudi kwenye mfereji wake na watakuandikia tena kwamba uko salama, ila ukigeuza kiganja juu na kulaza kifundo mpimaji anaiona inatoka kwa macho yake kwenye kioo. MRI inafuata kama wanashuku TFCC, na ikifika huko iwe ya kifundo chenyewe, na koili ndogo ya mkono (kifaa cha kunasa picha kinachowekwa kwenye kifundo), sio picha ya mkono mzima ambayo vitu hivi vidogo vinapotea.

Kuhusu yule mzee anayevuta mikono, hapana. Hapo hakuna kiungo kilichoteguka cha kurudisha, akivuta na kuzungusha anamalizia kuchana ala iliyobaki.

Na sindano. Mzee wangu mzee_wa_slaisi hajakosea kwamba inasaidia, kwa kidole gumba kile kinachoitwa De Quervain, yaani ala ya kano za kidole gumba ikivimba, sindano ya steroidi inafanya kazi nzuri tu ikichomwa na anayejua. Lakini kwa kano ambayo ala yake imechanika, sindano inaondoa maumivu bila kurudisha ala, alafu steroidi karibu na kano inaweza kuidhoofisha, we unasikia umepona unaenda kupiga bekihendi kwa nguvu zote. Na jambo ambalo watu weusi hatuambiwi mapema, ikivuja chini ya ngozi inaweza kuacha baka jeupe pale ilipochomwa na nyama ya chini ikabonyea, inaweza kukaa miezi mingi.

mzee_wa_slaisi

Marahaba mwanangu. Hilo la baka kwakweli rafiki yangu analo mpaka leo na hakuna aliyemwambia sababu. Binti msikilize huyu.

vamos_tanga

Dada soma habari za Juan Martín del Potro utaelewa kwanini tunakukataza kucheza kwa kumeza dawa. Kachukua US Open 2009 akiwa na miaka 20, fainali kampiga Federer, mwaka uliofuata akafanyiwa upasuaji kifundo cha kulia. Akarudi. Alafu 2014 kikaanza cha kushoto, cha bekihendi kama wewe, upasuaji 3 kati ya 2014 na 2015, mtu akafikiria kuacha mchezo kabisa. Aliporudi 2016 hakuweza kupiga bekihendi ya mikono miwili kama zamani, akawa anapiga slaisi (mpigo wa kukata mpira kwa chini) ya mkono mmoja muda mrefu, na hivyo hivyo kwa fohendi na slaisi akamtoa Djokovic raundi ya kwanza Olimpiki ya Rio na akaondoka na medali ya fedha.

Alafu Dominic Thiem, bingwa wa US Open 2020. Juni 2021 akiwa Mallorca kifundo cha kulia kikaachia upande wa ulna, ni ala hiyo hiyo mnayoizungumzia hapa. Hakufanyiwa upasuaji, akafungwa splinti, msimu wote uliobaki ukaenda, akarudi 2022 lakini ile fohendi ya zamani haikurudi, 2024 akastaafu na miaka 31. Nadal naye 2016 alijitoa Roland Garros katikati ya mashindano kwa kifundo cha kushoto, hakusubiri kikatike, na Agosti mwaka huo huo alichukua dhahabu ya dabo (wachezaji wawili wawili) Rio. Aliyesimama mapema ndo aliyecheza mapema.

kocha_wa_vinyoya

Habari za asubuhi wote. Mimi nafundisha badminton na tenisi kwa vijana hapa Mombasa, naongeza upande wa vifaa kwasababu mkono unaweza kutibiwa ukapona kisha ukarudishwa kwa raketi ile ile iliyoumiza.

Kwanza mipira. Dada umesema kapu zima la mipira, je ile mipira ni mipya? Huku kwetu tunafanyia mazoezi mipira iliyokufa, haina presha, haina manyoya, ikinyeshewa na mvua inakuwa mizito, na mchezaji anaongeza nguvu ya kifundo kuisukuma ili ifike. Hakuna anayeihesabu hiyo kuwa sababu lakini mimi nimeona vijana wangu wakipumzika maumivu baada ya kutupa mipira ya zamani.

Pili nyuzi. Ukiwa unatumia zile nyuzi ngumu za poliesta na umekaza pauni 55 kwenda juu, teremsha, au weka nyuzi laini kwa muda. Tatu unene wa mshikio. Shika raketi kama unavyoipiga fohendi, kisha jaribu kupitisha kidole cha shahada cha mkono mwingine katikati ya ncha za vidole vyako na kiganja. Kikipita kwa kubana kidogo uko sawa, kisipopita mshikio ni mwembamba na unakaza mkono muda wote bila kujua.

Na mshiko wenyewe una maneno yake. Wanaoshika westani na semi-westani, yaani kiganja kikiwa chini zaidi ya mshikio, hawa wa topuspini nyingi, wengi huumia upande wa kidole kidogo. Wanaoshika isteni, kama mtu anayesalimiana mkono na raketi, huumia zaidi upande wa kidole gumba. Badminton ni hadithi nyingine, raketi ni gramu 80 na kitu tu lakini kifundo na mkono vinageuzwa kwa kasi sana kwenye smashi, na mgeni wa mchezo hukaba mshikio kama anaogopa utaruka, huyo ndiye anayekuja kwangu na kidole gumba kimevimba. Namwambia shika kwa ulaini, kaza pale tu unapokutana na kinyoya.

Jambo moja la kuangalia, na hili ni la mkono ulioko chini ya mshikio. Ukiwa na maumivu kwenye kiganja, chini ya kidole kidogo, pale kitako cha raketi kinapogonga, na vidole viwili vya mwisho vinakufa ganzi, kuna kifupa kina kindoano kinaitwa hamati na kindoano hicho huvunjika. Eksrei za kawaida mara nyingi hazikioni, huonekana kwa CT. Nilikuwa na kijana wa tenisi hivyo, mwaka mzima anaambiwa ni misuli.

binti_wa_kinondoni

Wakuu nimerudi. Nimeenda kwa daktari wa mifupa na nikasisitiza altrasaundi ya mkono unaogeuzwa kama fizio alivyosema, mpimaji mwanzoni alitaka niulaze tu, nikamwomba, na kweli akaona kano inatoka na kurudi, akamwita na mwenzake waone. MRI nimefanya, TFCC imewaka kidogo pembeni lakini haijachanika. Nimefungwa POP inapita juu ya kiwiko, kiganja kikiangalia chini na kifundo kimenyanyuliwa kidogo, wiki 6 alafu tunaangalia, ikigoma ndo tutaongelea upasuaji wa kutengeneza ala. Mashindano nimejitoa, nimelia lakini nimejitoa.

Sasa nina maswali. Mbona wamefunga mpaka juu ya kiwiko wakati kinachouma ni kifundo? Na hizi wiki 6 nakaa tu? Na nikifunguliwa naanzia wapi?

fizio_wa_moshi

Hongera sana dada, umefanya la maana.

Kupita kiwiko ni kwasababu kugeuza kiganja juu na chini hakufanyiki kwenye kifundo, kunafanyika mkono mzima kuanzia kiwikoni. Wakifunga kifundo peke yake utakuwa unageuza kiganja bila kujua, ukilala, ukila, na kano inatoka. Kiganja kikiangalia chini kano inakaa kwenye mfereji wake na ala inapata nafasi ya kushika. Vidole viwe huru, vikunje na kuvikunjua kila saa, vikivimba au vikibadilika rangi au maumivu yakizidi ndani ya POP usisubiri kesho, rudi hospitali.

Wiki hizo hukai. Miguu ni yako, fanya miguu, kamba usiruke mapema mtikisiko haufai, baiskeli ya mazoezi sawa, bega la kulia na mgongo sawa. Diklofenaki ya kila siku achana nayo, mwambie daktari akupe kitu kingine kama unahitaji.

Ukifunguliwa kifundo kitakuwa kigumu kama mlango uliokaa bila kufunguliwa na mkono umepungua, usiogope. Utapewa splinti ya kuvaa na kuvua. Mwanzo ni kunyoosha taratibu bila kulazimisha kiganja kuangalia juu kwa nguvu, alafu kukaza bila kusogeza, unasukuma mkono dhidi ya ule mwingine unashikilia sekunde kadhaa. Maumivu yakiwa hayapo ndo unakuja kwenye uzito, chupa ya maji ya nusu lita inatosha, unainua haraka na kushusha polepole sana, huko kushusha ndo dawa ya kano. Kisha nyundo ya kawaida ya nyumbani, unaishika mwisho wa mpini na kuigeuza kulia na kushoto polepole, ukiona nzito sogeza mkono karibu na chuma. Fizio wako apime nguvu ya kushika kwa kile kifaa chenye mshale, mkono wa kushoto ufike karibu sawa na unavyopaswa kuwa ukilinganisha na wa kulia ndo uguse raketi.

Na raketi yenyewe uanze bila mpira, unazungusha hewani. Alafu mipira ya povu karibu na nyavu, fohendi tu. Alafu mipira ya kawaida, mipya, kocha arushe kwa mkono na iwe ya kiunoni. Slaisi ya mkono mmoja itumie kama bekihendi yako kwa muda. Bekihendi ya mikono miwili irudi ya mwisho, na mpira wa chini wa kunyanyua kwa topuspini uwe wa mwisho kabisa katika hizo. Kila hatua ukilala ukaamka asubuhi ukazungusha ufunguo bila maumivu unasonga, ukiamka panauma unarudi hatua moja nyuma unakaa hapo siku kadhaa. Kocha wako akikuharakisha mwambie aje hapa tuongee naye.